Sifuri ya Saa Nne Asubuhi

Hotuba ya kufungua mafunzo ya vitendo kwa wanafunzi wa maabara na wa udhibiti wa wadudu, Tanga

Ndugu Mkufunzi Mkuu, Mganga Mkuu wa Wilaya, waheshimiwa wenyeviti wa vijiji mliofunga safari kuja kutusikiliza, na ninyi wanangu mnaokwenda kijijini kesho. Wazee wangu, shikamooni. Nimepewa dakika ishirini. Nikizidisha, mwenyekiti ana ruhusa ya kukohoa.

Katika kazi ya kupima matende na mabusha, namba ngumu kuliko zote ni sifuri. Asilimia kumi haisumbui: umewaona minyoo kwa macho yako, umewahesabu, umeandika. Lakini sifuri huja kwa njia mbili. Ama ugonjwa haupo, ama upo na wewe hukuutafuta inavyopaswa. Kwenye fomu, sifuri zote mbili huandikwa vilevile, na bosi wako ofisini hawezi kuzitofautisha. Anayejua ni wewe uliyekuwa kijijini.

Chukueni kijiji ambacho kila mtu anajua kina wazee wenye miguu iliyovimba. Pangeni foleni chini ya mwembe saa nne asubuhi. Toboeni vidole, pakeni slaidi, zitieni rangi ya Giemsa kama mlivyofundishwa, mkae kwenye hadubini mpaka shingo ziwaume. Mtarudi na sifuri, au namba iliyo jirani yake. Slaidi safi, rangi safi, jedwali safi, na habari yote ni ya uongo.

Sababu mnaijua darasani, lakini nairudia kwa ajili ya wenyeviti. Mnyoo anayeleta ugonjwa huu, aitwaye Wuchereria bancrofti, akishakomaa, hakai kwenye damu. Anakaa kwenye mishipa ya limfu, jike ana urefu wa sentimita nane hadi kumi, mwembamba kama uzi, na anaweza kuishi humo miaka sita hadi minane. Kazi yake ni kuzaa. Watoto wake, minyoo wachanga wasiofika hata theluthi moja ya milimita, ndio wanaoingia kwenye damu. Mchana hujificha kwenye mishipa midogo ya mapafu. Usiku, mwenyeji wao akiwa amelala, hutoka na kusambaa hadi kwenye damu iliyo karibu na ngozi, wengi zaidi kati ya saa nne usiku na saa nane usiku. Ndizo saa ambazo mbu wetu, Anofelesi wa mashambani na Kuleksi wa kwenye mashimo ya choo, wanauma sana. Mnyoo ametega saa yake kwa mbu.

Jambo hili si geni. Patrick Manson, daktari aliyefanya kazi Amoy, Uchina, ndiye aliyeonyesha mwaka 1877 kwamba minyoo hawa wanakua ndani ya mbu, na ni yeye aliyetambua kwamba damuni wana ratiba ya usiku. Alikosea kwenye hatua ya mwisho: alidhani mbu akifa majini, watu wanakunywa ugonjwa pamoja na maji. Hata hivyo saa aliipata sawasawa, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Ndiyo maana nakunja uso ninaposoma ripoti ya kijijini isiyotaja damu ilichukuliwa saa ngapi. Ukiacha safu ya saa wazi kwenye fomu yako, mimi slaidi yako siisomi.

Basi tunakwenda usiku. Na hapa ndipo maabara inapokutana na watu.

Jiwekeni kwenye nafasi ya mwenye nyumba. Saa tano za usiku gari lisilojulikana linasimama uani. Wanashuka vijana na tochi, wamevaa makoti meupe, wanapiga hodi, wanataka damu yako na ya wanao. Mtoto wa pwani gani hakulelewa na habari za mumiani? Bibi zetu walitutisha kwa hizo tusitembee usiku. Nairobi na Kampala enzi za mkoloni, watu waliwaogopa hata wazimamoto kwa tuhuma hiyo hiyo, kwamba wanakamata watu na kuwanyonya damu. Mganga kijana anayecheka habari hizi hajafikiria zilitoka wapi. Zilitoka kwa watu waliochukuliwa vitu vingi bila kuelezwa. Ukifika usiku bila kueleza, unawathibitishia.

Kwa hiyo usiku wa kupima huanza siku nyingi kabla. Barua kwa mtendaji wa kijiji ni lazima, lakini barua haitoshi. Barua inasomwa na watu watatu. Nendeni kwenye mkutano wa kijiji. Nendeni kwa imamu na kwa mchungaji, kwa mabalozi wa nyumba kumi, na kwa mganga wa kienyeji pia, kwa sababu yeye ndiye anayetibu mshipa wa nusu ya wanaume wa kijiji na atakachosema yeye kesho yake kitajulikana kisimani. Ombeni kituo cha kupimia kiwe mahali watu wanapokaa jioni, shuleni au kwenye baraza ya ofisi ya kijiji, ili watu waje wenyewe badala ya ninyi kugonga milango. Waonyesheni vifaa mchana. Waonyesheni ule mrija mwembamba wa kupimia: mikrolita sitini, tone moja na kidogo. Mtu aliyekwisha kuona mrija huo kwa macho yake hatishwi tena na maneno ya lita.

Na kama mnaweza, bebeni hadubini hadi kituoni. Akipatikana mtu mwenye minyoo wengi, tone la damu yake, mbichi, bila rangi, liwekwe chini ya kioo, kisha mwenyekiti aitwe atazame, bila kuambiwa ni damu ya nani. Atamwona mnyoo mchanga akijinyonga na kujikunjua, akizisukuma chembe nyekundu huku na huku. Nimewaona wazee wakitazama, wakainua kichwa, wakatazama tena, kisha wakatoka nje kuwaita wengine. Mzee mmoja aliniuliza kama mnyoo yule anamwona na yeye. Usiku ule hatukuhitaji kumbembeleza mtu.

Kwenye kazi yenyewe sina mengi, walimu wenu wamewafundisha. Futeni tone la kwanza. Pakeni mistari mitatu, mikrolita ishirini kila mmoja. Andikeni kwa penseli kwenye ncha ya slaidi, si kwa wino, maana wino utaondoka kwenye rangi. Halafu lile jambo ambalo vitabu hulitaja kwa mstari mmoja na vijijini ni vita: slaidi zikaushwe usiku kucha mahali ambapo sisimizi na mende hawafiki. Mende anapenda damu iliyokauka kuliko mkate. Asubuhi unakuta mstari mzima umeliwa, na mwenye damu yake hatakubali kutobolewa mara ya pili, na mimi simlaumu. Tumieni sanduku lenye mfuniko. Miguu ya meza iwekeni kwenye makopo ya maji.

Sasa nirudi kwenye sifuri, maana saa peke yake haitoshi. Unaweza kufika saa tano usiku, ukafanya kila kitu sawa, na bado ukaondoka na sifuri ya uongo, kwa sababu uliowapima si wao.

Nani anakuja kituoni kwanza? Watoto, kwa udadisi. Kina mama, kwa sababu wamezoea kliniki. Wazee wachache. Nani haji? Mwanaume wa miaka ishirini na tano hadi hamsini. Huyo ana shughuli zake, au yuko kilabuni, au yuko baharini, au anaona aibu kwa sababu tayari kuna kitu ndani ya suruali yake ambacho hajamwambia hata mkewe. Na katika ugonjwa huu, kwenye vijiji vingi, wanaume wazima ndio wanaobeba minyoo zaidi kuliko wanawake. Wale wale ndio pia wanaokosa dawa wakati wa kingatiba, yaani dawa zinapogawiwa kwa kijiji kizima, kwa sababu zile zile. Ukipima wale waliokuja tu, umepima watu ambao tayari wamemeza dawa.

Kwa vijiji vya wavuvi nina ushauri ambao hamtaupata kwenye mwongozo wowote: tazameni mwezi kabla ya kupanga tarehe. Wavuvi wa dagaa wanategemea giza. Mwezi ukiwa mchanga au haupo, taa zao zina nguvu, dagaa wanazifuata, na kijiji kizima cha wanaume kiko baharini saa ile ile mnayotaka damu yao. Mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu, vyombo viko pwani, nyavu zinashonwa, wanaume wako nyumbani. Pangeni kupima usiku wa mbalamwezi. Mtapata watu, na mtaona njia pia. Wale walioenda dago, kukaa miezi kwenye kambi za uvuvi mbali na kwao, itabidi muwafuate huko huko kwa mashua, na hilo lina gharama. Liwekwe kwenye bajeti kabla ya posho za viongozi. Najua Mganga Mkuu ameshaanza kunitazama vibaya, lakini nimeshastaafu.

Ngoja niwape kisa ambacho kila mtu wa fani hii anapaswa kukijua. Mpango wa dunia wa kutokomeza ugonjwa huu ulianza mwaka 2000, na mwaka huo huo Tanzania Bara ilianza kugawa kingatiba, ivermektini na albendazoli, kule Mafia. Unguja na Pemba walianza mwaka 2001, visiwa vizima. Walifanya kazi nzuri sana. Watu walijitokeza, dawa zilimezwa, mwaka hadi mwaka. Kwenye vijiji vya uangalizi, yaani vile vilivyochaguliwa kupimwa mara kwa mara, minyoo wachanga walishuka hadi hawakuonekana tena. Sifuri. Ugawaji wa kila mwaka ukasimama baada ya 2006. Miaka ikapita, wakapima upya kwa upana zaidi, na wakakuta maambukizi bado yapo. Ikabidi dawa zirudi.

Simlaumu mtu yeyote wa Zanzibar. Sifuri ya vijiji vile ilikuwa ya kweli kwa vijiji vile. Tatizo ni kwamba minyoo, wanapobaki wachache, hawabaki wamesambaa sawasawa. Wanabaki kwa mafungu: mtaa huu, ukoo ule, kambi moja ya wavuvi. Kijiji cha uangalizi kimezoea kutembelewa, kimeelimishwa, kimesimamiwa. Kijiji cha tatu kutoka hapo, ambacho gari halifiki masika, hakijawahi kuuliziwa. Na kumbukeni kwamba dawa hizi zinawasafisha minyoo wachanga, lakini wakubwa hawafi wote. Ndiyo sababu tunameza tena kila mwaka, angalau raundi tano, na kila raundi iwafikie si chini ya asilimia 65 ya watu wote. Mwanaume mmoja aliyekosa raundi zote tano anatosha kuwapa mbu wa mtaa wake kazi.

Upande mmoja tuna bahati. Mnyoo hazaliani ndani ya mbu. Kimelea cha malaria kinaingia kwenye mbu kidogo kinatoka kwa wingi. Huyu akiingia mmoja, atatoka mmoja au asitoke kabisa. Anahitaji kama wiki mbili ndani ya misuli ya mbu mpaka awe tayari, na mbu wengi hawaishi kiasi hicho. Akifika kwenye mdomo wa mbu haingizwi kwa sindano; anadondoka kwenye ngozi na kulitafuta tundu mwenyewe, na wengi hukauka njiani. Kwa hiyo mtu anahitaji kuumwa mara nyingi, kwa miezi na miaka, mpaka minyoo dume na jike wakutane mwilini mwake. Mgeni wa wiki moja hapati busha. Hapo ndipo chandarua kinasaidia zaidi ya watu wanavyodhani, na ndipo wale waliojaribu Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, kumwaga punje za plastiki nyepesi zinazoelea kwenye mashimo ya choo ili Kuleksi asiweze kutaga, walipata matokeo mazuri pamoja na dawa. Jambo dogo, rahisi, na sielewi kwa nini limesahaulika.

Mtakutana pia na vipimo vya mchana. Vipimo vya haraka vinavyotafuta antijeni ya mnyoo mkubwa, yaani alama anayoiacha kwenye damu, havijali saa, na vimetupunguzia usiku mwingi. Ndivyo vinavyotumika tunapotaka kujua kama wilaya iache kugawa dawa: wanapimwa watoto wa miaka sita na saba, kwa sababu hao wamezaliwa dawa zikiwa zinagawiwa, na mtoto huyo akiwa na mnyoo, basi ameambukizwa juzi juzi. Kwa mbu wetu mpaka uliowekwa ni chini ya asilimia mbili ya watoto hao. Nawaonya mambo mawili. Kipimo kinasomwa baada ya dakika kumi. Ukikiacha juu ya meza ukaenda kunywa uji, ukirudi unaweza kukuta mstari wa pili ambao haukuwepo, na umempa mtoto wa watu ugonjwa usiokuwepo. Wekeni saa ya simu, iwalilie. La pili, shule ina watoto walioandikishwa. Kama zaidi ya robo ya watoto wa eneo hawajaandikishwa shule, tokeni shuleni mwende nyumba kwa nyumba. Mtoto wa dago haitwi jina asubuhi darasani.

Wakazi wa Kirare, hapa hapa Tanga, wanaweza kuwafundisha kuliko mimi. Watafiti walikifuata kijiji kile kwa miaka, damu ya watu na mbu wa nyumbani kwao, raundi baada ya raundi, wakaona maambukizi yakishuka kadiri ugawaji ulivyoendelea. Marehemu Dkt. Mwelecele Malecela, aliyeuongoza mpango wa taifa wa ugonjwa huu, akawa Mkurugenzi Mkuu wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kisha akaenda Geneva kuongoza idara ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele katika Shirika la Afya Duniani hadi alipofariki mwaka 2022, alikuwa miongoni mwa waliofanya kazi hiyo. Nawataja ili mjue kwamba kazi mnayoianza kesho imekwisha kufanywa vizuri katika mkoa huu huu, kwa hadubini zile zile.

Limebaki jambo moja, na hili nalisema mbele ya wenyeviti makusudi.

Mtakapofika kijijini mtaletewa wagonjwa. Mama mwenye mguu uliovimba mpaka gotini, wenye nyufa na harufu, anayejifunika kanga mbili. Mzee mwenye busha aliyeacha kulima. Watataka wapimwe wa kwanza, na mara nyingi damu yao itatoka bila mnyoo hata mmoja, kwa sababu minyoo waliowaumiza walikwisha kufa zamani wakaacha mishipa imeharibika. Wakati huo huo kijana mzima, mbeba magunia, damu yake inachemka minyoo. Kijiji kitaona vibaya: mnawashughulikia wazima na kuwaacha wagonjwa. Na kijiji kitakuwa na haki. Maambukizi ni hesabu moja, ugonjwa ni hesabu nyingine, na fomu ya usiku inauliza moja tu.

Kwa hiyo kila timu itakuwa na daftari la pili. Mwenye busha ataulizwa na mwanaume, pembeni, si kwenye foleni, na ataandikwa kwa ajili ya upasuaji. Busha linapasuliwa na mtu anarudi kazini. Mwenye matende ataonyeshwa pale pale namna ya kuosha mguu kwa maji na sabuni, kukausha kati ya vidole, kuuinua anapolala. Hakutamrudishia mguu wa zamani, lakini kunapunguza zile homa za mitoki zinazomlaza kila mara. Wakisema ni madafu yaliyoleta busha, msiwacheke. Waulizeni wanaume wangapi wa kijiji hawanywi madafu na bado wanalo, waacheni wahesabu wenyewe.

Na majibu yarudi. Nimefanya kazi kwenye taasisi ambayo jina sitalitaja, tulipima vijiji, takwimu zikapelekwa mjini, ripoti ikachapishwa kwa lugha ambayo hakuna mtu kijijini anaisoma, na hatukurudi. Miaka kadhaa baadaye timu nyingine ilipofika, mlango haukufunguliwa. Waliuliza swali moja: ile damu ya kwanza ilisema nini? Hapo tena watu wachache walijitokeza, na timu ile ikapata sifuri yake. Aliyekutwa na minyoo apewe dawa na aambiwe kwa siri. Kijiji kiambiwe namba yake mkutanoni, kwa Kiswahili, hata kama ni sifuri, na kielezwe sifuri hiyo ilitafutwa kwa nani, wapi na saa ngapi.

Mambo ya kesho. Majina ya timu yamebandikwa mlangoni. Magari yataondoka saa kumi jioni, siyo saa kumi na nusu. Kila timu ihakikishe ina betri za tochi za akiba, penseli mbili zilizochongwa, sanduku la slaidi lenye mfuniko, na daftari la pili. Makoti meupe acheni bwenini. Vaeni nguo za kawaida na kitambulisho shingoni. Wenyeviti, nyumba zenu ndizo zitakazopimwa kwanza, tumeshakubaliana. Mwenye swali aulize sasa, chai ikifika hakuna atakayenisikiliza.